Eisa ya Okinawa msiiweke ukurasa wa burudani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Ile picha yenu ya vijana wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, na mangoma yao mmeitupa kwenye burudani, maelezo mstari mmoja tu kwamba Wajapani wanacheza. Jamani, hapo mmetupunja wasomaji.

Ngoma ile inaitwa eisa na inachezwa kuwasindikiza marehemu. Mwezi wa saba kwa kalenda yao ya zamani, mara nyingi inaangukia Agosti, tarehe 13 roho za mababu zinakaribishwa nyumbani, zinaandaliwa chakula, zinakaa na wajukuu, alafu usiku wa 15 zinaagwa na wanachomewa hadi pesa za karatasi ili wawe na cha kutumia huko waendako. Ndo vijana wa kijiji wanatoka sasa, wanapita mitaani wakipiga ngoma na kuimba, na sanshin, kile kinanda cha nyuzi tatu kilichowambwa ngozi ya chatu.

Katikati yao kuna mtu kajipaka uso mweupe, chondara. Ukimuona utasema mlevi kavamia shughuli ya watu, kumbe ndo mwenye kazi: ananyoosha mistari, anamfunga kijana kilemba kilicholegea, kijiti kikidondoka anakiokota yeye ili mpigaji asikatize.

Na hawa watu wamepitia mengi. Walikuwa na ufalme wao wa Ryukyu, Japani ikaumeza 1879, vita vya 1945 kati ya Japani na Wamarekani vikaondoka na karibu robo ya wenyeji. Waliobaki, wakiwa kwenye kambi za Wamarekani, wakaunda sanshin kwa makopo matupu ya chakula, mbao za vitanda vya kambini na nyuzi za parachuti. Yani mtu kapoteza nyumba na ndugu na bado anahangaika kutafuta kopo ili apige muziki, hiyo nayo mnaita burudani?

Sikatai, show zipo. Mwaka 1956 kulianza mashindano Koza, mji uliokuwa jirani na Kadena, kambi ya jeshi la Marekani, na ukishaweka majaji lazima ngoma ziwe kubwa na nguo zing'ae. Watalii wanapenda hiyo, sina ugomvi nao. Ila kijiji cha Heshikiya, huko huko Okinawa, wameng'ang'ania kigoma chao kidogo cha mkononi, paranku, na mavazi ya kawaida kabisa, na mimi ningepewa nauli leo ningeenda kuwaona hao kabla ya wale wa uwanjani. Hata waliohamia Osaka, mji mkubwa wa Japani bara, ambako walibaguliwa sana kwa Uokinawa wao, miaka ya 70 vijana wao waliamua kuicheza hadharani bila kujificha.

Kwahiyo mhariri, mkipata picha nyingine iwekeni kwenye utamaduni, na mwandike ni ya kijiji gani maana kila kijiji kina nyimbo zake na hatua zake.

Msomaji wenu, Tanga