Tuseme Zilikauka

Kisumu, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku ziwani. Barua yako ya Nakuru nimeipata, na imeniuma kusikia programu yako ya kuhojiana inaganda kila ukiilisha sentensi nyingi. Kompyuta haina kosa. Umeiagiza ihakikishe kwanza kwamba maneno yote hayapingani, ndipo ifungue mdomo. Sentensi 30 tu, kila moja ikiweza kuwa kweli au uongo, zina hali 1,073,741,824 za kukaguliwa.

Jumamosi nilimsindikiza mama Kibuye kununua omena. (Walizungumza Kijaluo, nakutafsiria.) Muuzaji aliapa kwamba omena zimekauka sawasawa juani Ijumaa. Mama akamjibu, "Haya dada yangu, tuseme zilikauka Ijumaa. Si umetoka kunilalamikia kwamba Ijumaa ufuoni kulinyesha kutwa?"

Mama hakujua kama kulinyesha, wala hakuhitaji kujua. Aliazima maneno ya mwenzake akayaweka pamoja, yakagombana yenyewe. Muuzaji naye akajitetea: zilianikwa tangu Jumatano, mvua ilipokuja zikafunikwa turubai. Mama akachukua omena moja, akaikunja taratibu. Ikapinda, haikukatika. Omena kavu hukatika!

Mwaka 1995 mtafiti wa kompyuta Phan Minh Dung alionyesha kwamba hoja husimama ikiwa kila inayoishambulia inajibiwa. Turubai ilimshambulia mama, ile omena iliyopinda ikamtetea. Halafu mwaka 2018 watafiti wa mantiki Marcello D'Agostino na Sanjay Modgil wakaongeza jambo ninalolipenda kuliko yote: anayehoji atenganishe anachokiamini na anachokisema "tuseme" tu, ili kumwonyesha mwenzake anajipinga. Akifanya hivyo, haidaiwi tena kila hoja ikaguliwe mapema kama madai yake yanapatana. Mzigo wako ndio huo hasa, utue.

Kuna pia kikomo ambacho D'Agostino amekifanyia kazi: hesabu "tuseme" ngapi zimo ndani ya nyingine; idadi hiyo ndiyo kina. Ukikiweka, kazi inabebeka. Ukipata muda, ongeza kina kimoja, nawe utazidi kuikaribia mantiki kamili. Nakusihi uanzie kina cha kwanza. Sisi wenyewe sokoni ni nadra kupita hapo, na tunafikiri vizuri tu.

Omena tulizipata kwa mama wa meza ya tatu, zinakatika kwa mlio. Nimekufungia gorogoro moja, nitampa dereva wa matatu Jumatano asubuhi. Mpokee stejini.

Ni mimi,
Achieng'