Mama Neema, kabla hatujanunua feni

Manyatta, Kisumu
Desemba

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima, na Mama yako pia ni mzima. Jana jioni nilimkuta mlangoni akichagua omena, akarudia kwamba Nakuru haji, baridi yenu inamuumiza magoti. Pesa ulizotuma zimefika. Feni nitamnunulia, lakini nakuomba unisikilize kwanza, maana uliko wewe watu hujifunika blanketi hata Februari, na huku Januari inabisha hodi.

Joto la Kisumu si la jua peke yake. Ziwa huijaza hewa unyevu, na hewa iliyoshiba maji haikaushi jasho. Jasho lisipokauka, mwili haupoi. Upepo wa ziwa huvuma alasiri, ila kwenye ploti zilizobanana kama hii yetu hauingii. Chumba cha Mama hakina dari, ni mabati matupu. Saa nane mchana huwezi kukaa humo, na usiku kuta huanza kutoa joto zilizolinywa mchana kutwa. Mwili ambao haukupumzika usiku huamka umeshachoka. Mama naye ni mtu mzima: kiu ya mzee huchelewa, jasho lake hupungua, na baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini. Akingoja kiu ndipo anywe, amechelewa. Tena unamjua, hapendi kusumbua watu. Atazidiwa kimya kimya.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Julai 1995 kule Chicago, mji wenye hospitali na magari ya wagonjwa kila upande, siku chache za joto ziliua watu 739 zaidi ya kawaida. Wengi walikuwa wazee, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokaa peke yao bila mtu wa kuwatembelea. Ufaransa nayo ilipoteza watu wapatao 15,000 Agosti 2003, wakati familia nyingi ziko likizoni na wazee wamebaki majumbani. Mama Neema, hawa hawakukosa feni tu. Walikosa mtu wa kugonga mlango.

Ahmedabad, India, walizika watu zaidi ya 1,300 kuliko kawaida katika joto la Mei 2010. Kufikia 2013 walikuwa na mpango: onyo linatolewa mapema, wauguzi wamefundishwa dalili, maji yanawekwa mahali pa watu, na baadaye mapaa ya mitaa maskini yakapakwa rangi nyeupe inayorudisha jua. Hakuna hapo kitu kisichowezekana Kisumu. Kila nikipita soko la Kibuye na kuwaona akina mama mboga wamekaa juani mchana kutwa, nakumbuka Freetown, Sierra Leone, ambako jiji lilimteua Eugenia Kargbo mwaka 2021 ashughulikie joto, na wachuuzi wakajengewa vivuli sokoni. Nalitamani sana hilo kwetu.

Sisi hatutangoja. Chama chetu kimeandika orodha ya mlango kwa mlango: wazee, wajawazito, watoto wachanga, wenye sukari na presha. Mhudumu wa afya ya jamii ametusaidia, kwa sababu nyumba zote anazijua. Kila mmoja ana mtu wake wa kumbishia hodi saa nane mchana na kabla ya kulala. Anayebisha haulizi tu "uko sawa?" bali anaingia, anamwona akinywa maji, anamsikiliza anavyozungumza. Mtu akianza kuchanganya maneno, au kupepesuka huku mwili unawaka, hapo si pa kumwacha alale kidogo. Mpeleke kivulini penye hewa, mpunguze nguo, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kuacha, huku mtu mwingine akitafuta gari la hospitali. Kama amezimia, usimnyweshe kitu. Vijana wa boda boda wa hapo stejini tumewafundisha hayo hayo.

Feni basi ina kazi yake, hasa Mama akijitanda leso iliyolowa. Lakini stima hupotea, na hewa ikiwa moto sana feni hupuliza moto huo huo. Ndiyo maana naomba pesa hizi zisiishie kwenye feni. Zikiongezwa kwenye mchango wetu, zitatosha rangi nyeupe ya paa lote la safu yao, vyumba sita, na dari nyepesi ya chumba cha Mama. Mwenye nyumba amekubali tupake, ila hatoi hata shilingi.

Bibi wa chumba cha mwisho hana mtoto wa kumtumia kitu. Jina lake nimeliweka chini ya la Mama, na wote wawili ni wangu kuwabishia hodi.

Nijibu kabla ya Jumamosi, maana fundi anapanda juu ya paa Jumatatu. Na umpigie Mama jioni, umwambie wewe mwenyewe habari ya maji; mimi ananiitikia tu kwa heshima.

Nisalimie Neema na Baba yake.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Otis