Mhariri, waambie wauza kompyuta watutajie na mazabodi

Ndugu Mhariri,

Pole na majukumu. Mi ni msomaji wako wa hapa Tabora mjini, nina stationari ndogo pale Isevya, natoa kopi, naprinti, napiga picha za paspoti, na wanachuo wakikaribia kumaliza ndo nakuwa maarufu maana nafunga ripoti zao. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu hawa wanaotuuzia vifaa vya kompyuta sisi wa mikoani.

Ukiangalia matangazo yao yote utakuta RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB nane, SSD (ya kuhifadhia mafaili) GB mia mbili hamsini na sita, prosesa (ubongo wa kompyuta) kizazi fulani, basi. Mazabodi, ile bodi kubwa ambayo vyote hivyo vinachomekwa, hakuna anayeitaja, kama vile hivyo vingine vinaelea hewani. Na sisi wanunuzi tunachangia, huku mtu akisema CPU, ambayo ni prosesa tu, anamaanisha lile boksi zima la chini ya meza, sasa utamwuliza vipi habari za bodi iliyoko ndani?

Yaliyonikuta ni hivi. Fremu yangu ni nyembamba, ukishaweka mashine ya kopi na printa kaunta imeisha, kwa hiyo nikataka kompyuta ndogo kabisa ila yenye nguvu ya kufungua picha bila kugandaganda. Nikapata kesi (lile boksi la nje) ndogo nzuri ya mini-ITX, yaani ya bodi za saizi ndogo, afu nikamwandikia muuzaji wa Dar kwenye WhatsApp nataka bodi ndogo ya kuingia humu. Akajibu ipo, mini, tuma hela. Nikatuma. Mzigo ukaja na basi, nikaenda kuuchukua saa tatu usiku, nikalala nao kitandani kama mtoto.

Asubuhi nafungua, naiweka kwenye kesi, matundu manne ya skrubu ya upande wa nyuma yamekaa sawasawa kabisa, nikafurahi, kuangalia upande wa pili bodi imening'inia nje ya kesi. Jirani yangu ni mama fundi cherehani, nikamwamkia nikaomba futi yake. Tukapima, sentimita ishirini na nne na vimistari vinne. Mama akaangalia kesi, akaangalia bodi, akasema mwanangu, hii nguo haimtoshi huyu mtu.

Kumbe yule alinitumia maikro-ATX, saizi nyingine kubwa zaidi. Hiyo inaenda mpaka sentimita 24.4 kwa 24.4, wakati mini-ITX ni 17 kwa 17, hakuna cha kubishana. Kipimo hicho sio siri, kampuni ya VIA ya Taiwan ilikileta tangu mwaka 2001 na watengenezaji wote wanakifuata. Na yale matundu manne yamepangwa kwa makusudi yalingane na ya bodi kubwa, kwa hiyo mini-ITX inaingia kwenye kesi kubwa bila shida, kubwa ndo haiingii kwenye ndogo. Neno "mini" kwa muuzaji lilikuwa ni kitu kidogo tu, kama mtu anavyosema soda ndogo.

Nikamwambia nairudisha, akasema mzigo ukishatoka umetoka.

Sikukata tamaa, nikatafuta muuzaji mwingine, safari hii nikasema kwa herufi, mini-ITX, soketi (tundu la prosesa) AM4, chipuseti (chipu inayosimamia bodi) B450, maana prosesa nilishanunua, Ryzen 5 5600G ya AMD, niliichagua kwa sababu ina grafiki (sehemu inayochora picha za skrini) yake ndani na kwenye kesi ile kadi ya grafiki haina pa kukaa. Bodi ikaja, ikaingia kama imeshonewa, mama fundi akapiga kigelegele. Nawasha, feni inazunguka, taa inawaka, skrini giza. Nikabadilisha waya, nikabadilisha monita, nikachomoa RAM nikaifuta nikarudisha, giza vilevile.

Siku mbili nimekaa nayo hivyo ndo akaja kijana mmoja fundi, akauliza bodi hii bayosi yake ya lini? Nikabaki namtolea macho. Akanielewesha kwamba bayosi ni programu ndogo iliyo ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta, na kwamba bodi za B450 zilianza kutoka 2018 na prosesa yangu ni ya 2021, tundu ni lilelile la AM4 kwa hiyo inakaa vizuri tu, ila bodi kama ilifungwa kwenye boksi zamani na bayosi yake haijasasishwa haimjui huyo mgeni, imeshamkaribisha ndani lakini hawaongei. Dawa yake uweke kwanza prosesa ya zamani ambayo bodi inaijua, usasishe bayosi kwa flashi, afu ndo urudishe mpya. Zipo bodi zenye kitufe cha nyuma cha kusasisha bila hata prosesa, ya kwangu haikuwa nacho. Yeye alikuwa na Ryzen 3 2200G kwenye kompyuta yake ya nyumbani, akaenda kuing'oa.

Shida nyingine sasa ni umeme. Bayosi ukiwa katikati ya kuiandika umeme ukakatika, bodi inaweza kufa moja kwa moja, na siku ile umeme ulikuwa unacheza tangu asubuhi. Tukabeba kila kitu mpaka kwa kinyozi wa mtaa wa pili mwenye inveta na betri, tukamwomba asimamishe mashine zake kidogo. Mteja aliyekuwa kwenye kiti kanyolewa nusu kichwa akakubali kusubiri, Mungu ambariki, tukakaa wote wanne tunaangalia ule mstari unavyojaa pole pole kama tunaangalia penati. Ikaisha salama. Tukarudisha 5600G, picha ikaja, na yule mteja akamaliziwa kichwa chake.

Sasa Mhariri, kuna wasomaji wataniambia si ungenunua tu zile kompyuta ndogo zilizotumika za maofisini, ni rahisi na zinafika zikiwa kamili. Kweli ni rahisi, sibishi, na kwa mtu wa kuandika barua tu namshauri achukue hiyo. Ila nyingi bodi zake zina umbo lake peke yake na plagi za pawa zake peke yake, siku bodi ikifa huwezi kuweka nyingine ya dukani, unabaki na kopo. Na kwa ukweli wa Mungu ningekuwa na sentimita kumi zaidi pale kaunta ningechukua kesi ya maikro-ATX, bodi zake bei yake ni nafuu na nyingine zina sloti nne za RAM, wakati mini-ITX mara nyingi ni mbili tu na sloti moja ya kadi, ukikosea umekosea. Mimi nimeweka RAM nane mbili badala ya moja ya kumi na sita kwa sababu grafiki ya ndani ya prosesa inaazima RAM hiyohiyo, zikiwa mbili inakimbia zaidi.

Kuna na hili la DDR, yaani aina ya RAM. Soketi AM5 ya AMD iliyotoka 2022 inakubali DDR5 peke yake, Intel wa soketi ya LGA1700 bodi nyingine ni DDR4 nyingine DDR5, na kile kipengo cha RAM hakilingani kwa hiyo haziingiliani, sasa muuzaji akikwambia "ni ya Intel mpya" amekwambia nini hapo? Halafu matundu ya nyuma ya kuchomeka monita, huku wengi bado tuna monita za waya wa zamani wa VGA, muulize kabisa bodi ina VGA au HDMI tu.

Ninachoomba ni kidogo. Muuzaji apige picha ya stika ya boksi la bodi inayoonyesha jina kamili, aandike saizi, soketi, aina ya RAM na bayosi iliyopo, amtumie mteja kabla ya kupokea hela. Ni dakika mbili. Aliye Kariakoo mteja wake akirudi ni nauli ya daladala, mimi kwenda na kurudi ni siku mbili barabarani na duka limefungwa. Na gazeti lako likiandika tena habari za kununua kompyuta, tafadhali mazabodi ipewe hata nusu safu.

Ile bodi ya kwanza ninayo bado, ipo juu ya kabati ndani ya boksi lake, na futi ya mama fundi nimegundua wakati naandika barua hii kwamba sijairudisha.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora