Dada, yalikuwa maziwa ya mtoto

Dada, shikamoo.

Nimepata habari za msiba wa mama mkwe wako. Poleni sana, mfikishie na shemeji pole zangu. Nimesikia mlikwenda Jumapili kukata kipande cha udongo makaburini, ili kaburi lisije likaanzwa Jumatatu. Nikajua hapo Clare, Ireland, mambo ni yale yale.

Maziko sikuja. Unajua kwa nini.

Asubuhi ile ya tarehe 1 Mei gari lilinizimikia penye ule mti wa miiba ambao shemeji hathubutu kuukata hata tawi. Nikaja kwa miguu kwenye mvua, mtoto mgongoni, chupa tupu mkononi. Ndoo ya maziwa naiona nyuma yako, povu halijatulia. Ukashika komeo, ukasema polepole: "Leo hapa hakitoki kitu. Si maziwa, si chumvi, si moto."

Najua maana yake. Bibi mwenyewe, huyo marehemu mama mkwe wako, ndiye aliyenisimulia: anayekuja kuomba maziwa Mei Mosi huondoka na baraka ya siagi ya mwaka mzima, mchawi hujigeuza sungura alfajiri akanyonya ng'ombe, ukikuta mayai yamefichwa kwenye majani yako makavu, ujue umefanyiwa ubaya. Sikumcheka. Kwetu Tanga mama hakuazima mtu sindano usiku, na mimi na wewe ndio tuliokuwa tukitumwa mlangoni kusema haipo. Lakini mama asingemrudisha mjukuu wake na njaa. Wewe ulinihesabu mimi, uliyenibeba mgongoni, pamoja na wezi wa siagi.

Ndipo nikakuita mchawi, tena kwa Kiingereza, bibi asikie. Hilo nisamehe. Uzito wa neno hilo nchi hii naujua. Huko Tipperary, mwaka 1895, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe aliyedai mkewe amebadilishwa na majini. Nilikosa kulitamka. Kukasirika sikukosa, na ningekasirika tena leo.

Mila za ukweni ziheshimu, dada, ila usiwapite wenyewe kwa ukali. Wewe ulinipa mgongo, hukuona. Mimi nilimwona bibi akinyanyuka kitini, mkono unaelekea kwenye kopo la chumvi. Alishanieleza siku nyingi: ukitia chumvi kwenye maziwa kabla hujayatoa, baraka inabaki nyumbani.

Chembe moja tu, dada.