Dada, acha kwanza kuhesabu siku za shemeji kwenye mashine

Dada shikamoo,

Nimesoma meseji zote za kwenye grupu la familia na naona mmegawanyika, huku wanasema shemeji, aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa sababu ya nimonia, asitobolewe shingo kabisa (yaani lile tundu la kupitishia kimpira cha hewa cha mashine badala ya mpira wa mdomoni) maana akitobolewa ndo basi tena, kule wanataka atobolewe leo leo kwa sababu siku zinakwenda na madaktari eti wamekaa tu. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndo utasaini ile fomu, na naweka hapa hadharani kwa sababu ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ninayofanya kazi naulizwa hiki kitu na ndugu wa wagonjwa kila mara.

Hao madaktari hawajakaa. Uingereza walifanya utafiti mkubwa unaitwa TracMan, majibu yakatoka 2013, wagonjwa kama 900 walio kwenye mashine ya kupumulia na ambao madaktari walishakadiria kwamba watakaa nayo siku 7 nyingine au zaidi, wakagawanywa kwa kura, kundi moja linatobolewa ndani ya siku 4 za mwanzo, lingine linasubiri mpaka siku ya 10 na kuendelea, tena kama bado kuna haja. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 30.8 kwa waliowahishwa na 31.5 kwa waliosubirishwa. Yaani ni kulekule. Ila mimi kinachonikaa zaidi kichwani ni hiki, kwenye kundi la kusubiri hata nusu hawakufika kutobolewa, ni kama asilimia 45 tu. Wapo waliofariki kabla, sikufichi, lakini wapo waliopata nafuu wakatolewa mpira mdomoni na shingo zao hazijaguswa. Na makadirio ya madaktari bingwa yalisema hao wote watachelewa kwenye mashine! Sasa shemeji nimonia yake ndo kwanza imeanza kusikia dawa, mnataka akatwe mbio mbio ya nini?

Anko amesema jirani yake wa kiharusi alitobolewa siku ya tatu. Sawa, lakini hata kwa kiharusi wamepima, Ujerumani na Marekani, majibu ya 2022, kuwahi hakukufanya watu wawe na hali nzuri zaidi miezi 6 baadaye. Wanaowahishwa kwa sababu ya maana wapo, mtu aliyevunjika shingo juu kabisa mpaka misuli ya kupumua imekufa ganzi, au aliyeziba koo kwa uvimbe. Shemeji siyo huyo.

Na nyie mnaosema asitobolewe kabisa, jamani, hili linaniumiza maana nimeona ndugu wanakataa kwa woga tu. Ikifika wiki ya pili na bado hajaweza kuachana na mashine, ule mpira wa mdomoni unazidi kuchubua koo na zoloto, yaani pale sauti inapotokea, na ili auvumilie inabidi apigwe dawa za usingizi. Tundu la shingoni linampa nafasi ya kupunguziwa hizo dawa, anaamka, anasafishwa mdomo vizuri, anakaa kwenye kiti, anajaribiwa kupumua mwenyewe saa chache akichoka anarudishwa kwenye mashine. Sauti haikatwi, tundu liko chini ya zoloto, hewa tu ndo inakuwa haipiti pale juu, na akipona kimpira cha shingoni kinatolewa na kwa wengi tundu linajifunga lenyewe.

Hatari zipo. Damu, maambukizi, makohozi kuziba kimpira, na siku 7 hivi za mwanzo kile kimpira kikichomoka ni dharura kubwa kwa sababu njia bado haijakomaa. Kwahiyo mimi ningekuwa wewe ningeuliza zaidi kuhusu manesi kuliko kuhusu siku, usiku nani yuko karibu na kitanda, mashine ya kufyonza makohozi ipo pale pale, kimpira cha akiba kipo? Na akiruhusiwa nacho nyumbani, nani atatufundisha kukisafisha.

Kesho ukikutana na daktari muulize mambo matatu, shemeji leo oksijeni anatumia kiasi gani ukilinganisha na juzi, wamejaribu kumpunguzia dawa za usingizi akafanyaje, na akijaribiwa kupumua mwenyewe anadumu muda gani. Niandikie majibu hata kama ni usiku, nikitoka zamu nakupigia, na kwenye grupu nitawajibu mimi wewe ulale.