Kwa Nini Tunazima Gari Mbali na Duma

Wateja wanaosafiri nasi kupiga picha Ndutu, kaskazini mwa Tanzania, katika msimu wa nyumbu kuzaa, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, hutuuliza swali lile lile wanapomwona duma wa kwanza: kwa nini dereva amezima gari mbali kiasi hiki, ilhali magari mengine yanazidi kusogea? Swali hilo ni la haki, na tungependa kulijibu kabla hujapanda gari letu.

Duma huwinda mchana kwa kutegemea macho, na jike hulea watoto wake peke yake, bila kundi la kumsaidia kama alilonalo simba. Hunyemelea kwa subira hadi awe karibu, kisha hutoka mbio ambazo kwa kawaida huisha kabla ya dakika moja kutimia. Gari likimkatia njia wakati ananyemelea, swala tomi huinua kichwa, na kazi ya asubuhi nzima huwa imepotea. Hata akikamata, hulazimika kwanza kutweta na kupumzika, na fisi akitokea wakati huo humnyang'anya kitoweo.

Mwezi Februari mmoja tulikaa zaidi ya saa mbili mbele ya jike aliyepanda kichuguu pamoja na watoto watatu, ambao bado walikuwa na yale manyoya marefu ya kijivu mgongoni. Alipiga miayo, akawalamba, akajinyoosha. Kisha masikio yaliyokuwa yakifukuza nzi yakatulia, macho yakaganda upande mmoja, naye akateremka polepole, kichwa kikiwa usawa wa mabega. Dereva alisema neno moja tu: "Tayari." Mgeni wetu, ambaye kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, alikuwa ameshaiweka kwenye sehemu moja ya 2000 ya sekunde, alipata mfululizo wa picha ambao asingeupata kama angekuwa bado anahangaika na kamera, wala sisi tusingeuona kama tungekuwa tumesogea na kumfanya ahame.

Ndiyo maana jioni ya kuamkia safari tunakaa na wageni kambini na kuzungumzia mnyama mwenyewe kabla ya kugusa mipangilio ya kamera. Anayejua kwamba duma hupanda kichuguu ili kutazama mbali ataelewa kwa nini tunaangalia kwanza swala walipo, jua liko upande gani, na ni wapi tunaweza kusimama bila kuwa kati ya mama na mawindo au kati yake na watoto. Sehemu kubwa ya Ndutu iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako magari huruhusiwa kutoka barabarani, tofauti na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyo jirani. Kwa maoni yetu, ruhusa hiyo inatudai uangalifu zaidi, kwa kuwa hakuna barabara ya kumzuia dereva mwenye haraka.

Kwa umbali tunaosimama, lenzi ya milimita 400 inatosha katika siku nyingi. Mwenye lenzi fupi zaidi atujulishe wakati wa kuthibitisha safari, kwa sababu tunazo mbili za kuazimisha, nazo huwahi kuchukuliwa mwezi Februari.