Vibrafoni isipigwe kama marimba ya mbao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno na wanaofundisha ala za kugonga hapa Bagamoyo kuhusu upigaji wa vibrafoni, ala ya vibao vya aluminiamu yenye pedali ya mguu, kwa vijiti vinne.

Kijana aliyekulia kwenye marimba huja na mkono mwepesi na mapigo yaliyotulia, na hiyo ni faida kubwa. Lakini kibao cha mninga ukikigonga hulia kidogo kikanyamaza chenyewe, wakati cha aluminiamu huendelea kulia kwa sekunde kadhaa mpaka kizimwe. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga noti zote sawasawa, muziki ukatoka umevurugika. Hakukosea kupiga, hakuzima. Kuzima sauti kufundishwe tangu wiki ya kwanza, kusingoje mwanafunzi apate kasi.

Kuhusu mshiko wa vijiti, viwili kila mkono, sitakawia. Kwa vibrafoni napendelea ule unaoitwa kwa jina la mpiga vibrafoni Mmarekani Gary Burton, ambapo vijiti viwili hupishana kiganjani. Cha ndani hukaa kati ya kidole gumba na cha shahada, cha nje kati ya cha shahada na cha kati, na vidole viwili vya mwisho hubana pale vinapopishana. Mipini ya henzirani ndiyo inayofaa kwa mshiko huu, maana haitelezi ovyo inaposuguana. Kosa kubwa ni kukaza kidole gumba: kifundo hukakamaa, na baada ya dakika chache mkono wote unauma. Kijiti kisicho na zamu kikirukaruka, ujue mwanafunzi anainua mkono mzima kutoka kwenye kiwiko. Azungushe kifundo tu, kama anayefungua kitasa. Aweke metronomu ya simu, yaani kihesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, apige kila kijiti peke yake mara 16.

Sasa pedali, na hapa ndipo penye kazi. Chini ya vibao kuna ubao mrefu wenye felti, kitambaa kinene laini, unaogusa ncha zake. Ukikanyaga, ubao unashuka na sauti inaachiwa. Ukiinua mguu, unarudi na kuzima. Wengi hukanyaga wakati uleule wanapogonga, kwa hiyo noti mpya inaikuta ya zamani bado inalia. Mguu na mikono viende kwa kupishana kama akina mama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: vijiti vikishuka, mguu unapanda, vikishagusa tu, mguu unashuka. Kisigino kisiachane na sakafu. Piga noti nne kwa pamoja, subiri mapigo manne, badilisha. Ukisikia mchanganyiko, mguu umechelewa kupanda. Ukisikia pengo, umechelewa kushuka.

Pedali lakini huzima vibao vyote kwa mpigo. Ukitaka kuzima kimoja na kuacha vingine vilie, unatumia kichwa cha kijiti. Vijiti tunavihesabu 1 hadi 4 kutoka kushoto. Kanyaga pedali usiiachie. Piga Do kwa kijiti cha 2. Piga Re kwa cha 3, na papo hapo cha 2 kikandamize Do. Piga Mi kwa cha 2 huku cha 3 kikikandamiza Re. Endelea hadi Sol, kisha urudi. Ukisikia mlio mdogo mkavu, umegonga badala ya kukandamiza: shusha kichwa taratibu, kikae juu ya kibao, usikiinue haraka. Zoezi hili linachosha masikio kabla ya mikono, hivyo dakika 10 zinatosha kwa siku.

Asiye na ala asikae bure. Achore vibao kwa chaki juu ya ubao, upana wa sentimita 4 hadi 5 kila kimoja, atandike kanga, na mguu ufanye kazi yake sakafuni kana kwamba pedali ipo.

Mwisho, ombi kwa wanaotuletea vibrafoni kutoka nje. Zile za Marekani huweza kuja na mota ya volti 120, ile inayozungusha visahani vya kutikisa sauti. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230, inaungua. Leteni na transfoma yake. Uzi unaopita kwenye matundu ya vibao hulegea kadiri unavyotumika, na kibao kikigusa chuma kilicho pembeni yake hutetema vibaya. Chumvi ya bahari nayo hula skrubu na springi. Kila ala ije na uzi wa akiba, mkanda wa mota na felti, kwa sababu hivyo havipatikani madukani hapa.

Mwalimu wa ala za kugonga,
Bagamoyo